Bustani ya Uani na Mama Matuta: kabla hujauliza dawa, chomeka kidole

Haya wapendwa, meseji za mwezi huu zimejaa mpaka simu imekua nzito, na nikizihesabu zaidi ya nusu zinaanza na neno moja tu, dawa. Mama Matuta nipe dawa ya hiki, nipe dawa ya kile. Niwakumbushe tena, mi sio bwana shamba, bwana shamba wa kata yako yupo na kukuhudumia ndio kazi yake, mi ni mama wa Buhongwa hapa Mwanza ninaelima kipande cha uani kisichozidi chumba na sebule, na katika miaka kumi na mbili nimeua miche mingi kuliko niliyokula, kwa hiyo nayosema hapa ni ya mtu aliyeungua vidole. Tuanze.

*Shikamoo Mama Matuta. Mi nimepanga huku Mabatini juu mlimani, nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa, kati ya jiwe na ukuta kuna nafasi kama mita mbili hivi, udongo hamna ni changarawe tupu. Mwenye nyumba kasema nifanye ninachotaka ila nisichimbe. Mboga za majani zinanimaliza, kila siku mafungu mawili. Naweza kupata kitu hapo au najidanganya?* (Mpangaji, Mabatini)

Marahaba mwanangu. Unapata, tena unaweza ukamgawia mpaka mwenye nyumba, ambaye mi nampa tano kwa kweli, wengine hata kopo la maua hawataki kuliona.

Wewe lima kwenye viroba. Tafuta kiroba kile cha kilo mia, kama umepata cha kilo hamsini sawa tu, kisiwe kilichobeba simenti au mbolea ya chumvichumvi, cha mchele au sukari ndio kizuri. Kokoto kwetu Mwanza sio kitu cha kutafuta, ukitoka nje unazikanyaga. Udongo ndio itabidi ununue au uombe, na hapo uangalie, ule wa kichanga wa milimani ambao Wasukuma wanauita luseni unapitisha maji kama chujio la chai, na ule mweusi wa mbuga ukilowa unakua gundi ukikauka unakua tofali. Changanya vyote viwili ukiweza. Vipimo vyangu ni madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza, na nasema iliyooza nikimaanisha ukiinusa inanukia udongo na sio zizi.

Sasa kuna ujanja katikati. Chukua ndoo ndogo au kopo kubwa la rangi lililotolewa kitako chote, liweke chini katikati ya kiroba, lijaze kokoto, alafu zungushia udongo pembeni. Ukifika usawa wa mdomo wa kopo unalivuta juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama, unajaza tena, unavuta tena, mpaka juu. Mwisho wa kazi una nguzo ya mawe ndani ya kiroba, na maji unamwagia hapo kwenye nguzo yanashuka mpaka chini yakisambaa pembeni. Bila hiyo nguzo maji yanaishia juu, miche ya juu inaneemeka ya chini inakufa kiu, na mtu anakuja kuniuliza dawa. Pembeni toboa matundu kwa kisu, yapishane, yaachane kama shubiri moja, chomeka chainizi, spinachi au sukuma wiki. Juu weka vitunguu vya majani, au hoho mbili.

Ila hilo jiwe lako, usilichukulie poa. Jiwe linashika jua kuanzia saa nne asubuhi, ikifika saa kumi jioni ukiliegemea mgongo unaruka, na joto hilo linaendelea kutoka mpaka watu wamekula wamelala. Kiroba kikae upande wa ukuta. Alafu mvua ikinyesha jiwe lote hilo linamwaga maji kwenye hako kanjia kako, kwa hiyo vinyanyue viroba juu ya matofali, na pale unapoona maji yanadondoka kwa wingi weka pipa au ndoo, hayo ni maji ya bure na kwa mgao huu wa bomba ambao ziwa tunaliona kwa macho ila ndoo hazijai, usiyaache yakaenda bondeni.

Na kitu cha mwisho, ambacho hakikugharimu hata mia. Yale matembele unayonunua fungu, mashina yake usitupe. Chagua yenye vifundo vitatu vinne, chomeka viwili chini ya udongo kimoja nje, hata kwenye hayo hayo machangarawe ukiyaongezea samadi kidogo. Matembele hayana maringo, joto la jiwe linayafaa, na wiki ya nne au ya tano unaanza kuchuma.

*Mama, nyanya zangu zinaoza chini, pale kitakoni, panakua peusi panabonyea, juu nzima kabisa. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu kwa wiki mbili, duka la pembejeo wamenipa nyingine kali zaidi ambayo bado sijapiga. Nipige?* (Mama Mapacha, Kiseke)

Usipige! Irudishe dukani kama watakubali, maana huo sio ukungu, wala sio mdudu, sio ugonjwa wa kuambukiza. Huko ni kuoza kitako na kunatokana na maji. Tunda linahitaji madini ya kalsiamu ili ngozi yake ijengeke, kalsiamu inasafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji, na pale kitakoni mwa tunda ndio mwisho wa safari kabisa, kama mtaa wa mwisho kwenye laini ya bomba. Ukimwagia sana leo, kesho ukasahau, keshokutwa ukasahau, alafu Jumamosi ukamwaga ndoo nne kwa uchungu wa kusahau, huo mtaa wa mwisho haupati kitu. Mara nyingi udongo kalsiamu unayo, ila haifiki.

Nakujibu kwa uhakika kwa sababu yamenikuta. Mwaka wangu wa pili nilikua na nyanya kumi na moja, zimesimama vizuri, na mi kwa tamaa nikaziwekea urea ili zikimbie. Zikakimbia kweli, majani kama mnazi, na nyanya ya kwanza ilipoanza kubadilika rangi nikaigeuza nikakuta chini pana duara jeusi kama sarafu ya mia mbili, gumu, kavu, kama ngozi ya kiatu. Nikalaumu mbegu. Nikamlaumu jirani aliyenipitia na mimba, Mungu anisamehe. Kumbe urea nayo inachangia, majani yanakua kwa fujo yanavuta maji yote yenyewe, tunda linaachwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Hizo zilizooza zitoe, hazitapona, ila kama doa ni dogo na kavu kata tupa hiyo sehemu, ya juu katia kwenye mchuzi. Kila siku asubuhi kabla hujamwagia chomeka kidole cha shahada kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu unaoshika, acha usimwagie. Kikitoka kikavu, mwagia shinani, taratibu, maji yazame. Alafu funika udongo kwa matandazo, na hapa Mwanza tuna bahati, nenda kwenye mashine yoyote ya kukoboa mpunga, yale maganda yamelundikana wanatamani mtu aje kuyachukua. Tandaza unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Utaona tofauti kwenye matunda yanayofuata, sio haya ya sasa. Na kabla hujanitumia meseji ya pili, maganda ya mayai yaliyosagwa hayadhuru ila yanachukua miezi mingi kuoza ndio yatoe hiyo kalsiamu, kwa nyanya iliyopo shambani leo hayakusaidii kitu.

Na hizo ulizozipiga mara tatu, soma kwenye chupa panapoandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, usiwape mapacha kabla hazijapita.

*Mambo vipi mama. Nina miche 30 ya nyanya hapa Igoma, majani yamechorwa michoro myeupe kama mtu kapita na kalamu, alafu yanakauka, na nyanya changa zina kitundu karibu na kikonyo. Washkaji wanasema kantangaze. Dawa gani inamuua?* (Bodaboda mkulima)

Poa mwanangu. Washkaji wako wako sahihi. Kantangaze ni kijipepeo cha kijivu, saizi ya punje ya mchele, asili yake Amerika ya Kusini na hapa Tanzania alionekana mwaka 2014, na alipewa hilo jina kwa sababu akishaingia kwako huna haja ya kujitangaza kua umefilisika, yeye anakutangaza. Kiwavi wake anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, ndio hiyo michoro unayoiona, kwa hiyo dawa nyingi unazopiga zinabaki juu ya jani na yeye yuko ndani anakula kivulini. Alafu ni mjanja, ukipiga dawa ile ile kila wiki vizazi vyake vinaizoea.

Kwa mtu mwenye heka kumi ningemwambia aende kwa mtaalamu. Kwa mwenye miche 30 silaha ni mikono na macho. Kila jioni ukishapaki pikipiki pita mche mmoja mmoja, jani lenye mchoro likate, tunda lenye tundu litoe, weka kwenye mfuko wa nailoni ufunge, uuache juani siku kadhaa alafu uchome. Ukiyatupa pembeni ya bustani umemhamisha tu chumba. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni ya unga chini ya taa, vipepeo vyake vinavyofuata mwanga vitadondokea humo, hautawamaliza ila utapunguza. Maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha yanasaidia kiwavi akiwa bado mchanga, yapige jioni jua likishashuka.

Ila ukweli unaouma ni msimu ujao. Usirudie nyanya hapo hapo. Na usije ukaweka bilinganya, nyanya chungu, mnavu wala viazi mviringo ukadhani umebadilisha, hao wote ni ukoo mmoja, ni kama umemfukuza mgeni mlango wa mbele akaingia kwa shemeji yake. Weka mchicha, kunde, au sukuma wiki, na mabaki ya nyanya yote yang'oe na mizizi.

*Shikamoo. Jirani yangu aliniambia utumbo wa samaki ni mbolea kuliko zote. Mi nauza sato wa kukaanga hapa Kirumba, utumbo ninao kila siku. Nikachimbia kwenye tuta la chainizi, asubuhi nikakuta mbwa wa mtaa mzima wamefukua, chainizi zote ziko juu, na harufu mpaka mwenyekiti kaja. Jirani alinidanganya?* (Mama Sato)

Marahaba, na pole, ila nimecheka mpaka mjukuu kaja kuangalia nina nini. Jirani hakukudanganya, alikuambia nusu. Utumbo na vichwa vya samaki vina naitrojeni na fosforasi nyingi tu, shida ulifukia juu juu na kwenye tuta lenye mmea tayari. Kitu kibichi kikioza kinatoa joto, na mizizi ikiwa hapo inaungua, yani hata mbwa wasingekuja hizo chainizi zingenyauka zenyewe.

Chimba shimo la nusu mita mahali ambapo utapanda baadae, weka utumbo, majivu kidogo, majani makavu mengi au yale yale maganda ya mpunga, fukia, alafu juu weka mawe makubwa mawili matatu. Mbwa wa Kirumba ana nguvu ila jiwe la Mwanza halifukui. Acha miezi miwili mpaka mitatu ndio upande. Maji ya kuoshea samaki mwagia kwenye shimo hilo hilo au kwenye lundo la mboji, sio kwenye majani ya mboga utaalika nzi. Na kama una mtu kwenye soko la samaki la Mwaloni muombe yale mavumbi yanayobaki chini pale dagaa walipoanikwa, ukihakikisha hawakutiwa chumvi, hayo kiganja kimoja kwa shimo yanatosha, ila nayo yafukie.

Mwenyekiti mpelekee chainizi zikikubali.

*Mwangaluka mayu. Tuko Igombe, ziwa ni hapo tu kama hatua themanini. Tunaingia na ndoo tunachota tunamwagilia, mboga zinakubali sana. Shemeji yangu nesi anasema tunajitafutia kichocho. Kwani kichocho kinaingia kwenye mboga?* (Baba K., Igombe)

Mwangaluka baba. Shemeji yako msikilizeni. Kichocho hakiingii kwenye mboga, kinaingia kwenye wewe, hapo unapokanyaga maji yakakufika magotini. Kuna konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kandokando ambako maji yametulia, vijidudu vinatoka kwao vinaogelea vikitafuta ngozi ya mtu, na vinapenya bila kidonda wala nini, utahisi kuwashwa kidogo tu au usihisi kabisa. Hivyo vijidudu visipopata mtu vinakufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo maji ukiyachota ukayaweka kwenye pipa lisilo na konokono ukayaacha siku mbili kamili, hiyo hatari imeondoka. Nunueni mapipa mawili, moja la kutumia leo moja linasubiri. Na kuchota, chota ukiwa umesimama juu ya jiwe au gati kwa ndoo ya kamba, msiingie. Watoto ndio kabisa wasitumwe. Na hao ambao wameshaingia miaka yote hiyo wapelekeni zahanati wapimwe, dawa yake ipo na inatibu, hii ndio dawa pekee ntakayoisifia mwezi huu.

Lingine, mboga zinazoliwa mbichi kama hoho, karoti, nyanya ya kachumbari, zioshwe kwa maji salama kabla ya kula, maji ya ziwani yana mambo mengi zaidi ya kichocho.

Na hizo hatua themanini zipimeni vizuri kwa futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hatua ya mtu mzima haifiki mita, kwa hiyo uko karibu na mstari. Zaidi ya sheria kuna mwenye ziwa mwenyewe, kiboko, anatoka usiku kula majani na hawezi kujua kua haya ni ya Baba K. Uzio wa miti kwake ni kama wavu wa mbu. Ukisikia anatafuna usitoke na tochi kumfukuza. Mboga zinaota tena.

*Mama Matuta wewe ndie uliyesema mwezi wa nne tukamue mbegu kwenye nyanya za sokoni tuzianike. Nimefanya, zimeota, zimezaa vitu vya ajabu, mche mmoja una vinyanya kama zabibu, mwingine virefu, mwingine haukuzaa kabisa. Nimepoteza miezi minne.* (Mwalimu, Nyakato)

Mwalimu naomba radhi, hapo nilikosea na umenishika. Nilisahau kusema angalia nyanya imetoka wapi. Siku hizi nyingi za sokoni ni chotara, zile zenye herufi F na namba 1 kwenye pakiti yake. Chotara yeye mwenyewe anazaa vizuri ila watoto wake kila mmoja anarudi kwa babu yake tofauti. Ukitaka kukamua mbegu mwenyewe anza na aina za kawaida kama Tengeru 97, Tanya au Cal J, hizo unavuna mbegu mwaka huu na mwakani zinatoka zile zile. Tengeru 97 inavumilia na minyoo fundo, wale wanaoweka vinundu kwenye mizizi.

Na hata za pakiti msiziamini kwa macho. Mi mwenyewe kuna duka moja mjini, silitaji, walinipa pakiti ya karoti yenye kistika cha bei, nimepanda nimengoja wiki tatu hamna kitu, siku nabandua kile kistika nakuta chini yake ndio tarehe ya mwisho wa matumizi, imepita mwaka na nusu. Toka hapo nabandua kistika dukani mbele ya muuzaji. Alafu nyumbani nachukua mbegu kumi, naziweka kwenye kitambaa kilicholowa, nakikunja nakitia kwenye kifuko, naweka juu ya kabati siku saba hivi, karoti na hoho nazipa mpaka kumi na nne. Zikiota saba au nane napanda kama kawaida. Zikiota nne napanda kwa kubananisha. Zikiota mbili narudi dukani na kitambaa changu.

*Eti Mama, Mwanza tupande miezi gani?* (Hakuandika jina)

Mboga za majani mwaka mzima ukiwa na maji. Kwa wanaotegemea mvua, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei. Ila nyanya usizitamanishe na masika, mvua ikizidi bakajani linazilamba kwa siku tatu majani yote meusi. Nyanya sia kitaluni mwezi wa tano mwanzoni, hamishia tutani mwezi wa sita, umwagilie. Na tuko juu ya mita elfu moja na mia moja toka usawa wa bahari, usiku kunapoa kidogo, ndio maana kabichi na karoti zinatukubalia kuliko ndugu zetu wa Dar. Swali limekwisha, next time andika jina.

*Shikamoo mama. Kuku wa jirani wanafukua kila ninachopanda na jirani ni mama mtu mzima siwezi kumgombeza. Kuna dawa ya kunyunyiza wasije?* (Binti, Nyegezi)

Marahaba. Hamna. Weka matawi ya miiba juu ya tuta mpaka miche ishike, au nunua wavu mita nne. Alafu nenda kwa huyo mama na kiroba umuombe kinyesi cha hao hao kuku, ukilundike chini ya kivuli miezi miwili mitatu kabla ya kutumia maana kikiwa kibichi kinaunguza, mi sukuma wiki zangu arobaini ziliungua kwa siku moja kwa haraka hizo hizo. Ukishakua mteja wake utashangaa kuku wanafungiwa.

*Mama Matuta, mama mkwe wangu anatoka Magu anakuja kukaa kwetu hapa Mkolani baada ya wiki sita, na simu ya kwanza aliyoniuliza ni kama nina mgagani. Mi ni Mchaga, hata sijawahi kuupanda. Nimenunua mbegu kwa bibi mmoja sokoni amesema kavuna juzi, nimemwaga, wiki mbili zimepita hamna hata mmoja. Niokoe.* (Mkwe mpya)

Pole mwanangu na karibu usukumani. Shida iko kwenye neno juzi. Mbegu ya mgagani ikivunwa inalala, inataka kukaa miezi kadhaa ndio iamke, mbegu ya juzi hata umwagie maji ya baraka inakuangalia tu. Rudi sokoni leo, tafuta muuzaji mwingine, muulize ana ya msimu uliopita, ile ambayo imekaa kwenye chupa au kibuyu. Kwa tahadhari jaribu kumi kwenye kitambaa kama nilivyomwambia Mwalimu, ila usingoje majibu, mwaga zingine siku hiyo hiyo maana muda huna.

Chagua sehemu yenye jua la kutwa, mgagani haupendi kivuli hata kidogo. Lainisha udongo, changanya samadi, chora mistari ya kina cha nusu ya upana wa kidole inayoachana kama futi moja, changanya mbegu na mchanga mkavu maana ni ndogo sana zitarundikana, mimina, funika kiduchu. Hauhamishwi ukishaota, mzizi wake unachukia kusumbuliwa, kwa hiyo panda hapo hapo utakapokaa na yaliyobanana yapunguze, na hayo unayong'oa ni mboga tayari usiyatupe. Ndani ya wiki ya kwanza mpaka ya pili utaona, na wiki ya tano unachuma. Ukiona kichwa cha maua kinatokeza kikate, majani yataongezeka pembeni.

Kuupika, una uchungu, usijaribu kuupika kama mchicha. Wengine wanamwaga maji ya kwanza, mi nachemsha mara moja namwaga nusu, naweka maziwa au karanga zilizotwangwa naacha kwenye moto mdogo muda mrefu, wengine wanaulaza mpaka kesho yake ndio wanasema umeiva. Jaribu na fungu la sokoni wiki hii, mumeo aonje, yeye anaujua wa mama yake.

Na kama mpaka wiki ya tatu hamna kilichoota usilie. Nunua nsansa, yale majani makavu ya kunde, pale sokoni kwa wamama wa Magu wenyewe, na uipike na karanga siku anayofika. Alafu muoneshe tuta tupu, mwambie mama nimeshindwa, nifundishe. Mpe na jembe. Ukifika mwezi wa kumi uniandikie mgagani wake umefika wapi.